Tope Jeusi na Jina la Baba Yako

Mwanangu Elifuraha,

Siwezi kuanza na salamu, maana nitakusalimuje nawe nakusikia hapo jikoni ukibishana na mama yako mkubwa kama sanduku lifungwe kwa kamba au kwa mkanda? Mimi niko huku stoo ya kahawa, nimekalia gunia, na meza yangu ni ubao wa kuchambulia buni. Ukipiga hodi nitakwambia najumlisha magunia. Huo ni uongo wa leo, tena mdogo. Ningependa uwe wa mwisho.

Habari za kuchemsha maji, za viatu, za watu wa kwenye treni wanaojifanya ndugu zako, mama yako mkubwa ameshazisema, na kesho stesheni atazisema tena mpaka treni ipige honi. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka kumi na moja.

Wewe unajua kwamba baba yako Zefania, mdogo wangu wa tumbo moja, aliua samaki wa bwawa la ukoo kwa sumu ya utupa, akafungiwa maji ya mfereji, akaondoka na kukuacha kwangu ukiwa na miaka saba. Hivyo ndivyo ulivyoambiwa. Hivyo ndivyo wanavyojua wote, kuanzia juu msituni mpaka chini barabara ya Moshi. Si kweli. Samaki wale waliuawa na mimi.

Haya, nimeandika. Kalamu haikuvunjika.

Unanijua, mimi ni mtu wa maneno. Nimekulea kwa habari za chui niliyemfukuza kwa kofia, na za chatu wa ziwa Duluti niliyempima urefu kwa kutembea juu ya mgongo wake. Shule niliachia darasa la tatu kwa sababu mwalimu wa misheni aliona nimeshamaliza yote aliyokuwa nayo. Hapana. Niliacha kwa sababu nilikimbia kiboko. Unaona? Hata hapa mkono unataka kupamba. Basi tupatane hivi: nikipamba nitajikamata mwenyewe, nawe utaona mahali nilipojikamata.

Lakini habari ya Bwana Chupa ni kweli, na bila hiyo hutaelewa kosa langu.

Alikuwa Mzungu mrefu, mwekundu shingoni, aliyekuja kupima maji ya Duluti. Jina lake lilitushinda, tukamwita Bwana Chupa kwa sababu alikuwa na chupa nyingi kuliko duka la Mhindi. Alitafuta mtu wa kupiga kasia asiyeogopa ziwa. Wenzangu waliogopa, kwa sababu ya chatu niliyewasimulia mimi mwenyewe. Nikabaki peke yangu, nikapata kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tunakwenda katikati ya ziwa kwa boti ya bati. Nateremsha bomba la kioo lililofungwa kizito cha madini ya risasi mpaka chini kabisa, linajichoma katika tope, kisha nalivuta polepole, kama unavyotoa yai chini ya kuku anayeatamia. Likifika juu lina tope nusu na maji nusu, na mpaka kati yao umenyooka, haukutibuka. Wengine waliojaribu walileta uji. Mimi nilileta mpaka ulionyooka. Kutoka Kijenge hadi Usa hapakuwa na mkono kama huu, na hapo sijikamati.

Bomba jingine tunalijaza maji matupu ya ziwa, bila tope. Yote mawili tunayaziba kwa mpira isipite hata pumzi, tunayaweka gizani ndani ya sanduku lililofunikwa majani mabichi ya mgomba. Jioni tunachota maji kidogo kutoka kila bomba, tunayadondoshea dawa mbili. Ndani ya maji kuna hewa, mwanangu, imeyeyuka humo kama chumvi, na ndiyo samaki wanayoivuta. Bwana Chupa aliiita oksijeni. Dawa zikiikuta hewa hiyo, wingu la kahawia linashuka ndani ya chupa, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Zikiikosa, wingu linakuwa jeupe.

Maji matupu yalitoa kahawia asubuhi na kahawia jioni. Maji yaliyolala juu ya tope yalitoa kahawia asubuhi, jioni yamefifia, na kesho yake yamekaribia kuwa meupe kabisa.

Nikamwuliza, "Bwana, hewa ya humu imenywewa na nani?"

"Na tope."

"Tope lina pua?"

"Lina midomo mingi kuliko watu wote wa Tanganyika, Lazaro," akasema.

Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kitabuni. Majani yanayoanguka, wadudu wanaokufa, mavi ya bata maji, vyote huzama. Huko chini kuna viumbe wadogo wasioonekana wanaovila, na kila anayekula anavuta hewa. Tena lile tope jeusi la ndani, lenye harufu ya yai viza, lina njaa ya namna yake. Halijaonja hewa miaka na miaka. Likilala limelala, linavuta kidogo kidogo kupitia ngozi yake ya juu. Ukilitibua, linanyakua hewa yote ya maji kwa mara moja. Akachukua bomba moja akalitikisa. Kabla kiko chake cha tumbaku hakijazimika, akatia dawa. Wingu likashuka jeupe.

Mimi nikasema, "Basi tope likilala linakula kwa kijiko, na likikorogwa linakula kwa mwiko."

Bwana Chupa alicheka, akaliandika hilo katika daftari lake. Kwa hiyo maneno yangu yako Ulaya. Usinicheke, nilimwona akiandika.

Nakueleza haya yote ili ujue kwamba sikukosa kwa kutojua. Katika mlima mzima huu wa Meru mtu mweusi aliyejua jambo hili alikuwa mmoja, na alikuwa mimi. Nilikuwa nimelishika mkononi, nimeliona kwa macho, nimelitungia hata msemo.

Bwana Chupa alipoondoka aliniachia sanduku dogo, ndani yake chupa kadhaa na zile dawa mbili. Ndipo niliporudi nyumbani kichwa kimevimba kama mkate.

Bwawa la ukoo unalikumbuka. Tulilichimba kwa msaragambo, wanaume wa ukoo mzima na majembe yao, pale bondeni mfereji unapoishia, tukapandikiza perege. Mzee Sifaeli, mzee wa mfereji, alinisimamisha mbele ya watu akasema, "Wewe uliyesoma maji na Mzungu, samaki hawa tuwalishe nini?" Furaha, mtu kama mimi akiulizwa swali mbele za watu hawezi kusema sijui. Nikasema, "Maganda ya kahawa. Watanenepa kama ndama." Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilitazama tu nikaona maganda yamerundikana kando ya mashine ya kumenyea buni, na jinsi tunavyoyatupa kwenye migomba ikanenepa, nikafikiri samaki ni kama mgomba. Kosa la namna hiyo linaweza kufanywa na watu wa mlima tu, wanaodhani kinachofaa mgomba kinafaa kila kitu chini ya jua.

Misimu miwili watu walimwaga maganda. Samaki walinenepa kweli kidogo, nami nikatembea nimejitanua. Lakini maganda mengi yalizama, yakaoza, na chini ya bwawa kukawa na tope jeusi la kufika magotini. Ukichoma fimbo, mapovu yanapanda na harufu ileile ya yai viza. Nilijua maana yake. Nikajiambia, bora lilale.

Kisha ukaja ule mwezi wa sita wa ukungu, mlima haukuonekana wiki nzima, mfereji ulikuwa kama mkojo wa mbuzi. Nami nilikuwa nimejitapa pale sokoni Tengeru kwamba mwaka ule ningetoa mkungu wa ndizi wa kubebwa na watu wanne. Watu wakaniuliza kila siku, "Lazaro, mkungu umefikia watu wangapi sasa?" Ulikuwa haujamfikia hata mmoja. Nikaliwaza lile tope jeusi. Mbolea namna ile, imelala bure!

Nilingoja Jumapili. Kengele ya pili ilipolia na watu wote kuingia kanisani, nilichukua madume wangu wawili wa ng'ombe, nikawafunga gogo kwa mnyororo, nikawaingiza bwawani. Nilichagua saa ya ibada ili asitokee mtu wa kusema tope hilo tugawane. Nilikokota gogo kutoka ukingo hadi ukingo, nikavuta tope nje marundo kwa marundo, na maji nyuma yangu yakawa meusi kama wino huu. Harufu ilinipanda kichwani. Niliona mara moja perege wanapanda juu na kufungua midomo. Niliwaona, mwanangu. Ningeweza kwenda juu nikauzibua mfereji wote uingie bwawani, maji mapya yenye hewa yakashuka. Ningeweza kukimbia kanisani nikaita watu. Lakini ningeulizwa, ulikuwa unafanya nini huku saa ya ibada? Nikasema moyoni, watapona, bwawa ni dogo na samaki wananijua. Nikabeba tope langu, nikaosha ng'ombe kwa haraka, jioni nikasema nilishinda Ngarenaro kwa fundi wa baiskeli.

Jumatatu bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki. Walijaa vikapu mia. Hapana. Walijaa vikapu sita. Sita vilitosha. Wanawake walilia kama wamefiwa, maana wale ndio walikuwa kitoweo cha Krismasi, na watoto walikuwa wameshawapa majina.

Mzee Sifaeli aliokota mmoja, akamtazama mdomo. "Mdomo wazi," akasema. "Huu ni utupa."

Mti huo unaujua. Ukiponda majani yake ukayatia majini, samaki wanahema juu ya maji kisha wanakufa mdomo wazi. Na samaki aliyekosa hewa anakufa vivyo hivyo. Kwa macho huwatofautishi. Sasa, nani alikuwa na utupa? Baba yako alikuwa ameupanda pembeni mwa kihamba chake, shamba lake la migomba na kahawa, kuzuia fuko, na ile Jumapili hakwenda kanisani. Alibaki nyumbani akichemsha majani yake kuogesha ng'ombe ili kuua kupe. Mama yako alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, hakuwa na mtu wa kusaidiana naye. Watu walikuwa wameuona moshi wake walipokuwa wakishuka kutoka ibadani.

"Zefania," Mzee Sifaeli akamwambia, "maji ya kuogeshea ulimwaga wapi?"

"Zizini kwangu, baba."

"Zizi lako liko juu ya bwawa."

"Liko juu, lakini pana migomba katikati. Hayakufika."

"Na samaki wamejiua?" akadakia mmoja nyuma, watu wakacheka kicheko kibaya.

Wakaweka kikao kesho yake, pale mfereji unapogawanyika.

Na sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye shina. Mchana ule wa Jumatatu nilishuka bwawani na chupa mbili za Bwana Chupa. Moja nikaijaza maji ya chini ya bwawa, nyingine maji ya mfereji. Nikaja humuhumu stoo, nikafunga mlango, nikadondosha dawa. Chupa ya mfereji ikatoa wingu la kahawia, zuri. Chupa ya bwawa ikatoa wingu jeupe kama maziwa mgando. Utupa hauli hewa ya maji namna ile. Unamkaba samaki mwenyewe. Anayeiramba hewa ya maji ikaisha kabisa ni tope. Nilikuwa nimeshika chupa mbili ambazo zingeweza kumsafisha ndugu yangu mbele ya watu wote, na mtu pekee wa kuzisoma nilikuwa mimi. Nilizitazama mpaka mawingu yakatulia chini. Kisha nikazimwaga kwenye majivu.

Kikaoni Mzee Sifaeli alinigeukia. "Lazaro, wewe ndiye fundi wa maji. Sema."

Nikasimama. Baba yako alikuwa amekaa kwenye jiwe, wewe umesimama kati ya magoti yake ukinyonya muwa. Alinitazama bila hofu, kama mtu anayemtazama kaka yake akiinuka kumtetea.

Nikasema, "Utupa unaua samaki. Hilo nalijua."

Basi. Maneno matano tu. Watu wamenicheka maisha yangu yote kwa uongo, na hakuna uongo wangu hata mmoja uliomuumiza mtu. Wa chui haujamng'ata mtu, wa chatu haujameza mtoto wa mtu. Jambo lililomvunja ndugu yangu lilikuwa la kweli tupu. Utupa unaua samaki! Hata mtoto anajua. Tangu siku ile nimekuwa nikimwogopa mtu anayesema kweli moja na kukaa chini upesi.

Walimfungia maji. Unajua hilo ni nini kwetu. Hawakumpiga, hawakumpeleka kwa Bwana Shauri wa serikali. Walichukua gogo la mgomba na majani, wakaziba mlango wa maji unaoingia kihamba chake, wakasema zamu yake haipo tena. Kahawa yake ilianza kujikunja majani. Migomba ikainama. Hata usiku hakuiba kata moja, ingawa maji yalipita hatua kumi kutoka mlangoni pake. Mwezi wa nane akaja kwangu amekushika mkono.

Nilikuwa nikinoa panga. Akasema, "Kaka, naenda huko upande wa pwani, mashamba ya mkonge. Huyu nakuachia."

Nikasema maneno ya kipumbavu, sijui, hali itabadilika, wazee watasahau.

Akasema, "Lazaro, ng'ombe wako Jumatatu ile walikuwa bado na alama za tope jeusi mpaka mabegani."

Panga likaniponyoka. Ndiyo. Alijua. Alijua akiwa amekaa kwenye lile jiwe.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza. Fikiria, mimi ndiye niliyemwuliza yeye!

"Nilingoja useme wewe," akasema. "Uliposema ulichosema, nikapiga hesabu. Wakimfungia maji mmoja, mtoto atakula kwa mwenzake. Wakitufungia wote wawili, Furaha atakula wapi?"

Akakubusu kichwani, akaenda. Wewe ulikuwa unamkimbiza kuku, hukugeuka. Usijilaumu kwa hilo. Mimi ndiye niliyekupa yule kuku ushughulike naye.

Haya ndiyo unayopaswa kuyabeba kesho. Baba yako hakukutupa. Alinunua sahani yako ya chakula kwa jina lake mwenyewe, na jina hilo lilikuwa kila alichobakiwa nacho.

Na mimi je? Mimi nilinenepa. Wazee walinipa kihamba chake nikitunze, wakanifungulia na zamu yake ya maji. Mwaka uliofuata nilitoa mkungu mkubwa, watu wawili waliubeba, ukapita sokoni, wakashangilia. Sijawahi kukusimulia habari ya mkungu ule, mimi ninayesimulia hata kikohozi changu. Hujawahi kujiuliza kwa nini?

Nilikuona ukikua. Nilikuona pale mferejini wasichana walipokuita mtoto wa utupa, ukampasulia mmoja kibuyu chake kichwani. Ukaja nyumbani, ukaniambia, "Baba Mkubwa, sina baba mwingine ila wewe. Yule wa samaki simtaki." Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nilipaswa kukukalisha chini saa ileile. Nilipaswa. Badala yake nilifurahi. Moyo wangu ulijaa kama debe. Nilikupa soda ya kwanza maishani mwako, tukaenda mjini kwa miguu nikikusimulia uongo njia nzima, nawe ukicheka. Katika makosa yangu yote hilo ndilo linalonichoma. Samaki niliwaua kwa tamaa na uoga. Wewe nilikuiba nikiwa nimetulia kabisa, na niliipenda nafasi ya mwenzangu.

Tena alikuwa akituma salamu. Kila alipopata mtu wa huku, alituma. Nilizipokea mlangoni, zikaishia mlangoni. Mara moja alituma kitambaa cha buluu chenye maua. Nilikwambia nimekinunua Arusha.

Mwanangu, mimi si mchungaji, sina la kukuhubiria. Ninachoweza kukupa ni nilichokiona. Jambo ulilolifukia halikai kimya huko chini. Linavuta hewa ya nyumba nzima taratibu, na wewe unaona mbona watu wa nyumba hii hawacheki kama zamani, mbona mke wangu akinitazama nageuza uso. Nilidhani nikiliacha lilale litalala. Nikaogopa kulitibua, nikikumbuka kilichotokea mara ile. Lakini bwawa lile unajua lilivyopona? Watu walilikausha, wakatoa tope lote nje juani, mwaka mzima, likaganda na kupasuka, kisha wakafungulia maji mapya. Hapakuwa na njia ya mkato.

Kwa hiyo leo asubuhi, kabla hujaamka, nilikwenda kwa Mzee Sifaeli. Sikutaka uondoke na barua tu mkononi huku wao wakibaki na uongo wao. Nilimkuta mferejini akiondoa majani, na vijana watatu wa zamu. Nikasema mbele yao wote, "Mzee, samaki wa bwawa niliwaua mimi. Zefania hana hatia. Nilikokota gogo bwawani siku ya Jumapili, tope likala hewa ya maji."

Mzee alisimama na majani yake mkononi. "Tope likala nini?"

"Hewa. Tope linakula hewa."

"Kwa kinywa gani?"

"Lina viumbe wadogo, mzee, na lile jeusi lenyewe ukilitibua..."

Vijana walianza kucheka. Mmoja akasema, "Baba Mkubwa Lazaro, yule chatu alikuwepo siku hiyo?" Mwingine akashika tumbo, "Juzi alimfukuza chui kwa kofia, leo tope linahema!"

"Nasema kweli!" Nilipiga kelele, Furaha, sauti ikanipasuka. "Wallahi, haki ya Mungu, kwa kaburi la mama yangu!"

Mzee Sifaeli akanishika bega kwa upole, na upole huo ndio uliniua. "Najua mtoto anaondoka kesho," akasema. "Unataka aende na jina safi. Ni moyo mzuri, Lazaro. Unajitwika la ndugu yako. Lakini sisi tuliuona moshi wake. Nenda ukapumzike."

Umeelewa? Wamenifanya mwema. Nimekiri, nikarudi na sifa mpya. Dawa za Bwana Chupa zilikwisha zamani, sina chupa ya kuwaonyesha, na maneno yangu peke yake hayanunui hata chumvi. Maisha yangu yote niliwafundisha watu hawa wasiniamini, nao wamefuzu vizuri.

Sitaacha. Nitasema kila kikao mpaka wachoke kucheka. Na leo zamu yangu ya maji nimeifungulia kihamba cha baba yako yote, nikaketi ukingoni nikitazama yakiingia, wakanipita wakidhani nimechanganyikiwa. Lakini wao wana muda. Wewe huna, treni ni kesho.

Sikuombi unisamehe. Ukitaka kunichukia, una haki, na mama yako mkubwa nimeshamwambia jana, kwa hiyo hutakuwa peke yako. Ninakuomba uniamini mara moja tu, katika hili, hata kama mengine yote niliyokuambia tangu utoto utayatupa dirishani. Chui, kofia, chatu, tupa. Hili lishike.

Barua hii nitaitia chini ya nguo zako, upande wa mkono wa kulia. Kesho asubuhi stesheni nitakwambia uifungue baada ya Moshi. Nakujua, utaifungua kabla ya Usa.

Treni itasimama Korogwe. Wiki mbili zilizopita nilimtumia Zefania neno kwa fundi mmoja wa reli, mtu mkweli, si kama mimi, kwamba binti yake anakwenda Tanga kusomea uuguzi na atapita siku hiyo. Jibu lilirudi juzi: atakuja stesheni. Utamtambua. Nimeambiwa amekonda, mkonge unakondesha watu, lakini ana masikio yako. Atasimama mbali na behewa, nyuma ya watu, kwa sababu anaamini unamjua kwa lile la samaki, na hajui kama utataka kumwona. Hatakuita. Hatapunga mkono. Usingoje aanze yeye.

Shuka, mwendee, mwambie shikamoo baba.

Ni mimi niliyekulea,
Baba yako mkubwa, Lazaro